Fungu Langu la Siasa

Mke wa kaka yangu alikuwa na siku moja tu ya kucheka katika wiki, nayo ilikuwa Jumamosi. Siku nyingine alitabasamu, alisalimia majirani, aliimba kanisani na kina mama wenzake. Lakini kucheka kwa kujishika mbavu, kucheka mpaka maharagwe yaungue jikoni, kucheka huko alikutunzia Jumamosi, kwa sababu ndiyo siku aliyokuja ndugu yake kutoka Chekalini, kule Lugari. Wazazi wao walikuwa wamekufa, na wa tumbo moja walibaki wao wawili tu. Haya yote niliyajua vizuri. Nilikuwa nakaa kwao, nakula chakula chake, navaa mashati aliyoyafua kwa mikono yake.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza sekondari na kupata kazi ya kufundisha shule ya msingi bila cheti, kazi ambayo watoto wanakuita mwalimu na walimu wenyewe wanakuita kijana. Kaka alinipa chumba kimoja katika nyumba aliyopanga mjini Kakamega, nyuma ya soko. Alikuwa karani katika ofisi ya serikali, mtu wa kupiga pasi hata shati la kukaa nalo nyumbani. Hakuwa mtu mbaya, na nasema hivyo mapema kwa sababu hadithi hii ina tabia ya kumfanya aonekane mbaya kuliko alivyokuwa.

Ndugu ya mke wake tulimwita Mulamwa, yaani shemeji, sisi sote, hata jirani ambaye hakuwa shemeji yake kwa lolote. Alilima mahindi katika shamba ambalo baba yao alilipata wazungu walipoondoka. Mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa ambayo hakujua aiweke wapi akiwa ndani ya nyumba ya watu.

Na hapa lazima nieleze jambo moja la kwetu. Mwanamume hakai-kai kwa dada yake aliyeolewa. Unakwenda kwa msiba, kwa mtoto aliyezaliwa, kwa ujumbe. Ukianza kwenda bure bure, watu wataanza kuuliza kama kwenu hakuna jiko. Mulamwa alikuwa na aibu hiyo kuliko watu wote niliowahi kuwaona. Mwanzoni alikuwa akifika na gunia dogo la mahindi, anasimama mlangoni, anasalimiana na dada yake wakiwa wamesimama hivyo hivyo, kisha anarudi stegi kupanda gari la kwao. Dada anabaki ameshika gunia.

Kadi ndizo zilizompa kiti.

Zilitoka kwa jirani wa mlango wa pili, Mwislamu wa Mumias aliyeuza mitumba sokoni. Siku moja alifungua robota la nguo za watoto akakuta ndani yake bati la biskuti lililojaa kadi. Hazikuwa karata za kawaida, zile za mzungu wa nne na shupaza. Kila moja ilikuwa na picha yake na maelezo ya Kiingereza chini: majoka, askari wa mifupa, wanawake wenye mabawa, mashamba, milima. Kulikuwa na kijitabu cha sheria pia, lakini nusu yake ilikuwa imeraruka, kwa hivyo nusu ya mchezo tulijitungia wenyewe. Kila mchezaji alikuwa na fungu lake la kadi na rundo la punje za mahindi mbele yake. Askari wako wakimpiga mwenzako, anatoa punje. Punje zikiisha, ametoka. Anayebaki mezani peke yake ndiye mshindi.

Tulikuwa wanne: kaka, jirani, Mulamwa na mimi. Mchezo wenyewe ulitaka watu wanne, na kwa hiyo Mulamwa alikuwa na sababu ya kuja. Hata mama mmoja wa kanisa aliyeona joka mezani na kuuliza kama tunaabudu shetani siku hizi, mke wa kaka alimjibu haraka, "Hapana mama, ni mchezo ya wanaume tu. Inawaweka nyumbani." Angetetea hata bangi siku hiyo, mradi kiti cha ndugu yake kisiondolewe.

Alikuwa akija na sahani ya njugu, anasimama nyuma ya kiti cha Mulamwa, anauliza, "Nani anashinda?" Hakujali kabisa ni nani anayeshinda. Alikuwa anataka kuweka mkono kwenye lile bega.

Kwa mwezi mzima wa kwanza nilipigwa kama ngoma. Kadi tulibadilishana wenyewe kwa wenyewe, na kila mtu alijijengea fungu kwa tabia yake. Kaka alikusanya majoka. Jirani alichanganya kila kitu, leo hiki kesho kile, kama kibanda chake. Mulamwa alijenga fungu la kuta na wakulima, fungu la kungoja, ambalo halikuumizi mpaka ukashtuka limekuwa kubwa. Mimi nilikuwa na vipande vipande, na kwa kuwa nilikuwa mdogo, wote walinimaliza kwanza ili waendelee na mambo ya wakubwa.

Kisha nikaona mheshimiwa mmoja akifanya kampeni sokoni. Siku hizo vyama vilikuwa vingi na wasemaji wengi kuliko vyama. Huyu hakuwa na sauti wala kimo. Lakini kina mama wa mboga aliwaambia lake, waendesha baiskeli akawaambia lingine, vijana tuliokuwa tumeegemea ukuta tukapata letu, na kila kundi liliondoka likiamini kwamba yale mengine ndiyo yaliyodanganywa. Wenzangu walirudi nyumbani wakibishana kuhusu sera. Mimi nilirudi nikifikiria kadi.

Jumamosi iliyofuata nilimpa Mulamwa joka langu pekee, naye akanipa kadi mbili alizokuwa akiona ni takataka. Moja ilikuwa ya kura: ukiicheza, wachezaji wote wanapiga kura, na atakayepata nyingi anapoteza askari wake wote. Nyingine ilikuwa ya uchokozi: unamchagua mchezaji mmoja, na zamu hiyo lazima askari wake washambulie mtu, ila wewe hawakugusi. Kwa jirani nikachukua kadi za zawadi, ambazo zinampa kila mtu mezani kadi mpya. Kaka alicheka mpaka akakohoa. "Huyu kijana ameuza bunduki akanunua barua."

Lakini fungu la siasa ndivyo linavyojengwa. Halina meno. Linatakiwa lionekane halina meno. Unawapa watu vitu vidogo, wanakuwa hawana haraka na wewe. Unajilinda usiwe mkubwa, lakini pia usiwe mnyonge sana, maana mnyonge anamalizwa kwa huruma. Ukiona wawili wanaanza kutazamana vibaya, unamwambia mmoja kwa upole, "Mimi sina shida na wewe, lakini angalia upande ule." Kadi zilifanya kazi nusu. Nusu nyingine ilifanywa na mdomo wangu.

Nilianza kushinda. Kaka alinisifu ofisini kwake, eti nyumbani kwake kuna mbunge wa kesho. Jirani aliniita mheshimiwa, akinisalimu salaam aleikum kwa kuinama kama mtu anayeomba basari ya karo. Nilipenda. Nitakuwa muongo nikisema sikupenda. Mtu ambaye mchana walimu wenzake wanamtuma chai anapenda sana kuona watu wazima watatu wakimgeukia kuuliza, "Sasa tufanyeje?"

Na kwa kuwa nilipenda, nikaongeza. Maneno ya kadi yalipoacha kutosha nikaanza kuchukua maneno ya nje ya meza. Kaka nilimnong'onezea wakati wa kunawa kwamba Mulamwa hamwogopi, anamwona mtu wa kalamu tu. Mulamwa hakuwahi kusema hivyo. Mulamwa nilimwambia kwamba kaka anasema watu wa Lugari wanangoja mpaka mvua iwaambie la kufanya. Hilo kaka aliwahi kulisema, lakini kuhusu mvua kweli, siyo kuhusu mchezo. Nilijua tofauti. Nilijiambia ni mchezo, na kwamba kila mtu alijua fungu langu ni la namna gani.

Siku ninayoikumbuka zaidi, mke wa kaka alikuwa na mimba iliyokwisha kuonekana. Alipika kuku. Jirani ndiye aliyemchinja asubuhi, akasema bismillahi, ili naye apate kula. Tulikuwa tumeanza kucheza na harufu ya ingokho, yule kuku, ilikuwa imejaa nyumba nzima, na mimi nilikuwa katika hali mbaya. Kaka alikuwa na majoka mawili, Mulamwa alikuwa na ukuta mrefu na wakulima wengi nyuma yake, na nilihisi wote wawili wameanza kunielewa. Kama wangetulia kidogo tu, wangenigeukia.

Nikasema, "Wazee, leo mshindi ndiye ale imondo."

Imondo ni firigisi. Kwa Waluhya haigawanywi ovyo. Ni ya mwenye nyumba. Mke akipika kuku na imondo isionekane kwenye bakuli la mumewe, ana kesi ya kujibu, na kesi yenyewe inaweza kufika kwa wazee. Mtoto hailambi. Mgeni haombi. Na shemeji, hasa shemeji, hata kuitazama haitazami. Mtu asiye wa kwetu angeona ni kipande kidogo cha nyama ngumu tu. Mimi nilikuwa wa kwetu. Niliisema kwa sababu nilijua uzito wake.

Jirani alicheka, akasema kwake yote sawa. Kaka alikunja uso kidogo, kisha akaona majoka yake mawili na kusema haya, imondo yake ataila mara mbili. Mulamwa alisema, "Hapana bwana, hiyo tuache." Nikaita kura. Tulikuwa watatu kwa mmoja. Nilikuwa nimepanga vizuri: hao wawili wapigane mpaka wachoke, mimi nishinde, kisha niinuke nimrudishie kaka imondo yake mbele ya watu, nionekane kijana mwenye adabu. Hata maneno ya kusema nilikuwa nimeyaandaa.

Nilicheza kadi ya uchokozi juu ya Mulamwa, nikamwacha hana njia ila kumpiga kaka, maana jirani alikuwa amejifunga kwa kadi ya amani, ambayo kwa zamu hiyo inakataza apigwe. Wakulima wote wakainuka. Kaka hakutegemea. Punje zake zikabaki chache sana, na alipopata zamu, badala ya kulipiza kwa Mulamwa kama nilivyohesabu, alinitazama, akatuma majoka yote mawili kwangu. Nilitoka. Zamu iliyofuata Mulamwa akamtoa kaka bila kutaka, akiwa karibu kuomba radhi kwa kila punje, na jirani hakudumu. Mulamwa akabaki peke yake mezani.

Ingekuwa bado inawezekana kucheka. Kadi zilikusanywa, maji ya kunawa yakaletwa. Mke wa kaka aliweka chakula: obusuma, yaani ugali, bakuli la jirani, la ndugu yake, langu, na la mumewe likiwa na imondo juu, kama siku zote. Hakujua chochote kuhusu kura yetu. Mulamwa alikuwa ameshaanza kumega obusuma akitazama chini. Kaka naye alikuwa ananawa polepole, na hasira yake ilikuwa inaelekea kwisha, naamini hivyo mpaka leo.

Mimi nilikuwa na hasira ya kushindwa. Nikanyoosha mkono, nikaitoa imondo kwenye bakuli la kaka, nikaiweka kwenye la Mulamwa. "Sheria ni sheria," nikasema. Nilikuwa nacheka peke yangu.

Mulamwa alifanya kosa moja, nalo lilitokana na upole wake. Aliogopa kunirudishia mkononi mbele ya watu na kuniaibisha. Akaila. Aliila haraka, kama mtu anayemeza dawa.

Kaka akasema, "Sasa mwenye boma amejulikana." Akaendelea, polepole, kwa sauti ya ofisini, "Ndio maana unakujanga kila Jumamosi. Nilidhani ni karata. Kumbe ni kukula."

Mke wa kaka alikuwa mlangoni na sahani ya pili ya obusuma. Mulamwa hakumtazama kaka wala mimi. Alimtazama dada yake. Kisha akanawa mikono, chakula chake kikiwa hakijafika nusu, akavaa koti, akatuaga wote kwa heshima, hata mimi. Dada yake alimfuata mpaka nje ya lango bado akiwa ameshika ile sahani. Jirani alisema anaenda kuswali, ingawa wakati wa swala ulikuwa bado.

Mulamwa hakurudi Jumamosi iliyofuata, wala zile zilizofuata. Mtu aliyeambiwa neno kama lile katika nyumba ya dada yake hawezi kukanyaga pale tena mpaka mwenye nyumba mwenyewe atume neno. Kaka alijua. Lakini kila alipotaka kulainika alikumbuka imondo ikiondoka kwenye bakuli lake, akakaza tena. Mimi hakunilaumu hata siku moja. Mke wake hakunilaumu. Ningeshukuru kama mmoja wao angenitukana. Niliendelea kupewa chakula cha moto na shati safi, na Jumamosi mwanamke yule alipika unga wa watu wengi, akatoka mara mbili tatu kutazama njia, kisha tukala kiporo mpaka Jumatatu. Kucheka hakucheka tena. Nilikuwa nakaa chumbani kwangu na fungu langu, nikijidai nasahihisha madaftari ya watoto. Nilikuwa naona aibu.

Nilijaribu kutengeneza. Nilipanda gari nikaenda Chekalini bila kumwambia mtu, nikamkuta Mulamwa shambani, nikamwambia kaka anamsalimu sana na anauliza atakuja lini. Ulikuwa uongo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema ahsante, akanipa muwa nile njiani. Alikuwa ameshanijua. Nilidhani naweza kuwapatanisha watu wawili kwa maneno mawili, kwa kuwa mezani nilikuwa nafanya hivyo kila zamu. Kumbe mezani nilikuwa nawapatanisha ili niwatumie.

Mulamwa alikuja kurudi baadaye sana, mtoto akiwa tayari anakimbia uani na kuokota punje. Wazee wa pande zote mbili walikaa, kuku mwingine akachinjwa, mambo yakaisha jinsi mambo hayo yanavyoisha. Kwa hivyo sidai kwamba niliua undugu wa watu. Lakini kuna siku moja ambayo wazee hawakuweza kuirudisha.

Mtoto alizaliwa, msichana, na uzazi ulikuwa mgumu. Mke wa kaka alirudi kutoka hospitali amekonda, macho makubwa, na alichoomba kilikuwa kimoja: ndugu yake aje amshike mtoto. Hakukuwa na mtu mwingine wa kwao wa kumshika. Kaka akaniita nje. Alikuwa na machozi, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Nenda Chekalini," akasema. "Mwambie Mulamwa nimekosa. Mwambie nyumba ni yake. Ningeenda mwenyewe lakini siwezi kumwacha huyu. Wewe unajua kuongea na watu."

Nilikwenda nikikimbia. Nilimkuta Mulamwa amekwisha kusikia habari ya mtoto. Alikuwa amefunga unga wa wimbi wa uji na ndizi, na kuku jike wa kumpa dada yake nguvu. Nikamwambia kila neno kama kaka alivyolisema. Nilimwambia kuhusu machozi.

Alinitazama bila hasira. "Shemeji," akasema, "hata ile siku nyingine uliniletea salamu zake."

"Ile siku nilidanganya. Leo ni ukweli."

"Ndiyo," akasema. "Hivyo ndivyo unasemanga."

Niliapa kwa mama yangu. Nadhani alitaka kuniamini. Alivaa koti, tukasafiri pamoja, akabeba kuku yeye mwenyewe njia nzima, na nikaanza kupumua. Tulipofika Kakamega alishuka, akasimama pale stegi, akatazama upande wa nyumba zetu. Kutoka pale mpaka mlangoni si mbali. Akaniwekea unga begani, akanipa ndizi, akanipa kuku. "Kama amesema kweli, atakuja kunichukua hapa," akasema. "Kama hajasema, sitaki kumwaibisha dada yangu mbele ya mtoto."

Nilikimbia nyumbani. Kaka alikuwa amekwenda mara moja kutafuta dawa ya mkewe, na aliporudi na kwenda stegi mbio na shati lake limetoka nje ya suruali, gari la Lugari lilikuwa limeondoka naye.

Mimi ndiye niliyeingia chumbani na vile vitu. Mke wa kaka alitazama nyuma yangu kwanza, mlangoni, kisha akatazama kuku, akamjua ni wa kwao.

"Amefika wapi?"

"Amefika stegi."

"Ulimwambia ni kaka yako mwenyewe amesema?"

"Nilimwambia, shemeji. Nilimwambia vile vile."

Mtoto alikuwa ananyonya.

"Wangetuma mtu mwingine," akasema. Hakuniambia mimi. Alisema akimwangalia mtoto, na kumbadilishia ziwa.